Vipimo

Mimi ni fundi. Miaka ishirini na miwili
nimewapima watu wa Kibuye kwa utepe:
kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono.
Sijawahi kumshonea mtu nguo ikambana
nikamwambia, zoea.

Sasa kuna fundi mwingine, simjui,
ameishona upya ngozi yangu bila kunipima.
Amepunguza pande zote.
Vidole havikunjiki. Pete ya marehemu Okech
ilikatwa kwa msumeno wa mtengeneza baiskeli.
Mdomo umepigwa pindo, tena pindo la mkono:
kijiko cha uji kinapita,
kijiko cha nyoyo kinabisha hodi na kurudi.

Usoni makunyanzi yote yakanyooka.
Wateja wakauliza, Rispa, unapaka mafuta gani?
Nikacheka kwa nusu ya mdomo.
Nusu ndiyo iliyobaki.

Ilianza kwa baridi, neno la aibu kulisema Kisumu,
ambako saa sita lami inashika kandambili.
Nikigusa soda ya friji, vidole vinakufa ganzi
na kubadilika. Si vyeupe. Jivu:
rangi ya jiko la mkaa alfajiri, kabla halijachokorwa.

Kisha madoa kifuani, chumvi na pilipili.
Shemeji akasema chira.
Jirani akahamisha kikombe chake, akiwaza ukoma.
Na yule wa kwaya akanong'ona: amejichubua huyo,
krimu imemgeukia.

Alhamisi ya tatu ya mwezi, pale hospitali tunayoiita Russia,
tunakaa benchi moja.
Taprandich amechuma chai Nandi tangu ujana.
Kule kwenye ukungu kila mtu mikono inamganda,
nani angemsikiliza?
Sasa anahesabu ngazi. Ya saba, anapumzika.
Wanyonyi ana miaka ishirini na sita, mchonga mawe.
Mwaka mmoja tu, kutoka kucha hadi kifua.
Aliambiwa ni ugonjwa wa akina mama,
kwa hiyo huja peke yake, amevaa kofia.
Na Bi Hansa, aliyeniuzia uzi wa kwanza wa maisha yangu:
wake umetulia vidoleni mwaka wa kumi na nane,
una vidoa vyekundu mashavuni,
na siku moja kifundo kilipasuka kikatoa chaki.
Chaki, Rispa! akaniambia. Kama ile ya kuchorea suruali.
Tulicheka mpaka nesi akatufuata.

Daktari anasema, skleroderma, nyote, jina ni moja.
Sawa. Lakini mimi najua vitambaa.
Kata fulana na suti kwa ruwaza ile ile,
uone.

Yule daktari kijana ana kitabu.
Ndani yake kuna picha ya mkono wa mzungu:
ncha nyeupe pe, halafu buluu, halafu nyekundu,
imepangika kama bendera.
Akautazama mkono wangu. Akaitazama picha.
Akarudi mkononi.
"Mama, vyako vinageuka rangi kweli?"
Miaka mitatu nimeulizwa hivyo,
na miaka mitatu nimerudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.
Vinageuka, nikamwambia.
Kitabu chako ndicho hakijafika kwetu.

Hakukasirika. Alikaa kimya,
akapima mdomo wangu kwa rula ya shule, akaandika.
Vuta pumzi. Zaidi. Shikilia.
Namba zikashuka kuliko za Juni.
Sikuomba nielezwe; anayepima anajua
sauti ya mpimaji anaporudia kusoma utepe.

Ndipo akaomba, polepole, kama mtu anayekopa:
naweza kuupiga picha mkono huu? Kwa wanafunzi.
Nikaagiza beseni, na barafu kutoka kwa muuza maji getini.
Nikautumbukiza mwenyewe, hadi kwenye saa.
Wanyonyi akavua kofia, akasogea kuona.
Maumivu yakapanda mpaka kwapa. Nikangoja jivu.

Haya, nikamwambia, piga sasa,
damu ikirudi utabaki na kitabu chako.